Tochi Isiyoazimika

Asubuhi ile niliondoka Butimba bila kumuaga mtu na bila kujua ninakwenda wapi. Sikuwa na ugomvi na yeyote. Niliamka, nikautazama ukuta wa chumba nilichopanga, nikaona nimeshausoma wote, ufa baada ya ufa, nikavaa viatu. Kwenye begi nilitia shati moja, bisibisi, koleo dogo, kipande cha msasa na waya mwembamba niliokuwa nimeukunja kama pete. Hivyo ndivyo vitu nilivyoviamini wakati ule. Watu sikuwa nawaamini sana.

Shule niliiacha darasa la sita. Wengi hupenda kusikia kwamba mtu kaacha shule kwa sababu ya umaskini, wanahuzunika kidogo kisha wanakunywa chai yao. Mimi niliacha kwa sababu mwalimu alichora moyo wa ng'ombe ubaoni kwa chaki, akatuambia tuunakili, na machinjio yalikuwa nyuma ya uzio wa shule. Hakuna aliyewahi kutupeleka. Siku moja nilikwenda peke yangu, nikaomba moyo, nikaupasua na kuangalia ndani. Haukufanana na ule wa ubaoni hata kidogo. Sikurudi tena.

Nilitembea mpaka Buhongwa, na pale nikadandia lori lililokuwa linarudisha makreti matupu ya samaki. Dereva aliniuliza naelekea wapi, nikamwambia popote atakaponishusha. Akanitazama kama anayemtazama mtu anayetafuta mahali pa kujinyonga, lakini akanipakia.

Usagara tulisimama. Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, kila kitu kimeruhusiwa, na pale njia panda ungeweza kuona kwa macho kitu gani kilikuwa kimeruhusiwa. Vibanda vilikuwa vimejaa takataka zinazong'aa: saa ambazo mishale yake ilichorwa tu, redio zenye spika moja ya kweli na moja ya urembo, miwani, vitana, na tochi. Tochi zilining'inia kwa kamba kama sato waliokaushwa. Zamani tochi ilikuwa kitu cha kutafutwa. Kama huna ndugu kwenye duka la ushirika huipati. Sasa kila mtu alikuwa nayo, na karibu kila moja ilikuwa haiwaki. Watu waliziweka ndani, juu ya kabati la vyombo, pembeni ya picha ya harusi. Nilishika mbili tatu pale kibandani. Bati lake ungeweza kulikunja kwa kidole gumba. Muuzaji aliniambia, “Shika vizuri, hiyo ni ya nje.” Nikamwuliza ya nje wapi. Akasema, “Nje. Wewe hujui nje?” Akili kama hiyo ndiyo iliyokabidhiwa biashara ya nchi.

Lori lilishika njia ya kushoto kwa muda kutafuta maji ya rejeta, kisha likageuza na kushika ile inayokwenda kwenye kivuko. Kabla ya kufika kivukoni dereva akakata kuingia njia ya vumbi kati ya mawe makubwa, na baada ya kurushwa sana tukatokea kwenye mwalo, mahali mitumbwi inaposhushia samaki. Akanishusha hapo. Zilikuwa saa za mchana, jua kali, harufu ya dagaa waliotandazwa mchangani, na ng'ambo ya uzio wa seng'enge kituo cha kukusanyia sangara, cha kampuni fulani ya mjini. Kituo chenyewe kilikuwa kontena la barafu na mzani. Minofu ilikwenda kwa ndege Ulaya. Mifupa na vichwa, yaani mapanki, ilibaki kwetu, na watu walikuwa wanaipangia foleni kwa furaha. Nami nimekula mapanki, sijidai. Ila sikuwahi kuyafurahia kama watu wale walivyoyafurahia.

Mbele ya duka la pekee la mwaloni kulikuwa na kikundi kimemzunguka mzee mmoja mwenye koti la jeshi lililochakaa. Alikuwa anaipiga tochi kwenye paja.

“Ipige kwa nyuma!” mmoja alisema.

“Nyuma ameshapiga. Ipige kichwani.”

“Betri hizo, mzee. Zitoe uziume makalio.”

“Alishaziuma. Angalia meno.”

Walicheka. Mzee hakucheka. Niliona kitu kimoja ambacho wengine hawakukiona, au walikiona wasikijali: aliwapa mgongo, akafungua kifuniko cha nyuma cha tochi, akatoa betri moja, akaigeuza, akairudisha haraka kama mtu anayefunga zipu hadharani. Akabonyeza swichi. Giza. Akaanza tena kuipiga.

Mwenye duka alikuwa ameegemea kaunta, anajichokonoa meno. “Mzee, nimekwambia. Tochi za siku hizi ni kama njiti ya kiberiti, ikiisha unatupa. Chukua mpya.”

“Umeifungua ukaona imeharibika nini?” nilimwuliza.

“Mimi nauza,” alisema. “Sifungui.”

Nilimsalimu mzee. “Shikamoo.”

“Marahaba. Wewe ni fundi?”

“Hapana.”

“Sasa?”

“Nataka kujua kwa nini haiwaki.”

Alinitazama kuanzia viatu mpaka nywele. “Ng'wanawane, mwanangu!” alisema, akawageukia wenzake. “Anataka kujua!” Wakacheka tena, kundi zima la watu wazima ambao walikuwa wamekaa hapo tangu asubuhi kuipiga tochi ya mwenzao, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ametaka kujua.

Aliponiongoza kwake ndipo nikaelewa kwa nini yeye hakucheka. Alikuwa mlinzi wa usiku wa kile kituo. Kila jioni, giza linapoanza, msimamizi wa kampuni aliteremka na pikapu kutoka barabara kubwa, na alipofika kwenye kona ya mawe alipiga honi. Mlinzi alitakiwa amwangazie kwa tochi kutoka getini. Mwanga ukionekana, pikapu inageuza na kwenda zake. Bwana mkubwa hakupenda kuja karibu na harufu. Mwanga usipoonekana, maana yake mlinzi amelewa au amelala. Jana yake honi ilipigwa, mzee akabonyeza, hakukuwa na kitu. Alipiga kelele, akapunga koti. Msimamizi akaja mpaka getini, akashusha kioo nusu.

“Akaniambia, kesho nisipoona mwanga, keshokutwa hapa atasimama mtu mwingine. Na huyo mtu mwingine yupo. Wote wale pale dukani wanaitaka hii kazi. Unafikiri wananifundisha kupiga tochi kwa upendo?”

Hapo alinifurahisha kidogo. Angalau alijua anaishi na watu gani.

Nyumba yake ilikuwa ya matofali mabichi, bati juu, na chumba kimoja cha uani kilichojitenga, mlango wake ukitazama ziwa. Mkewe alikuwa jikoni nje, anakoroga uji wa mtama. Alipiga goti kidogo, akanikaribisha, akanipa kigoda. Nikakaa kizingitini, nikatandaza shati langu chini, nikaanza.

Tochi ni kitu rahisi mno. Hilo ndilo lililokuwa linaniudhi kuhusu watu wote waliozipiga. Kuna betri mbili, balbu, springi, swichi, na bati linalorudisha njia nyuma. Umeme unatoka, unazunguka, unarudi. Kama haiwaki, njia imekatika mahali, na mahali penyewe hapazidi vidole vya mkono mmoja. Lakini tochi ikikataa, mtu wa kwetu anaichukulia kama punda: anaipiga. Punda angalau anasikia.

Nilianza na betri. Niligusisha waya kwenye kitako cha moja, nikaweka ulimi kwenye kichwa chake na ncha ya waya. Ilikuwa na ule ukali wa kulamba kisu. Nikafanya hivyo na ya pili. Zote zilikuwa hai, japo zilikuwa na alama za meno kama mahindi ya kuchoma.

“Zilikuwa zinafifia,” mzee alisema. “Jana mchana nikaianika juu ya bati ipate nguvu.”

“Ulianika betri?”

“Tochi nzima. Mpaka jua liingie.”

Betri haipati nguvu kwa jua. Inapashwa moto, inadanganya kidogo, basi. Nilimweleza. Alitikisa kichwa kwa heshima, kama watu wanavyotikisa kichwa kanisani, na nilijua ataianika tena wiki ijayo.

Springi ilikuwa na kutu kidogo. Nikaipitishia msasa mpaka ikang'aa, nikapangusa na mdomo wa kifuniko. Swichi nikairuka kabisa kwa kuweka waya wangu toka bati mpaka kwenye kola ya balbu, ili kama ubovu uko kwenye swichi, balbu iwake bila yenyewe. Haikuwaka. Nikatoa balbu, nikaielekeza juani. Uzi wake ulikuwa mzima, mwembamba kama mguu wa buibui, umeshikana pande zote mbili.

Nikakaa nikiitazama. Betri nzima, uzi mzima, njia imesafishwa, na giza. Mzee alikuwa amechuchumaa mbele yangu. Kivuli cha nyumba kilikuwa kimeshafika kwenye mabanzi ya jikoni. Mkewe aliacha kukoroga, akasema kwa upole, “Labda ni za Wachina tu, baba. Zinakuja zimekufa.”

“Ilikuwa inawaka juzi,” mzee alisema.

“Zinakuja zinakufa,” mkewe alirekebisha.

Nikaigeuza balbu chini juu. Kitako cha balbu kina tone la risasi, pale panapogusana na kichwa cha betri, na risasi ikishatumika hufifia rangi, inakuwa ya kijivu kama jino bovu. Hili lilikuwa linang'aa. Linang'aa kupita kiasi, kama jicho lenye chozi. Nikalikwaruza kwa ukucha. Ngozi ikanyanyuka. Nikaivuta kwa ncha ya koleo, ikatoka kipande cha nailoni angavu, ya kufungia mkate, duara si kubwa kuliko punje ya hindi, na pembeni yake alama nyekundu ya wino wa mwoka mikate wa mjini. Ilikuwa imeyeyuka kidogo na kuganda pale.

Nikarudisha balbu, nikafunga kichwa, nikasukuma swichi. Ikawaka mchana kweupe, usoni mwa mzee, akafumba macho akiwa anacheka.

“Hii imeingiaje humu?” alisema, akikishika kile kinailoni kwenye kiganja.

“Wachina!” mkewe alijibu upesi. “Si nilisema?”

“Wachina hawa,” mzee aliitikia, kwa raha kubwa. Mchina wa nchi gani anafunga mkate wa Mwanza, hakujiuliza. Nilimtazama mkewe. Alikuwa amerudi kwenye chungu, anakoroga uji ambao ulikuwa umeshaiva zamani.

Mzee alipokwenda kuoga, mama yule alikuja akachuchumaa karibu yangu kama anayeokota kuni.

“Mwanangu, usiseme.”

“Nisiseme nini, mama?”

“Kile kinailoni ni changu.” Alitazama njia ya bafuni. “Wifi yangu yuko nyumba ile pale. Kila siku asubuhi mume wangu akishalala, anakuja. Wifi, niazime tochi, nafuata kuku uvunguni. Wifi, niazime tochi, nakwenda chooni. Chooni anakwenda asubuhi, tochi inarudi jioni. Betri zinakwisha. Ni dada wa mume, nitamwambiaje hapana? Basi nafungua kichwa, naweka kinailoni, nafunga. Akija nampa mkononi. Chukua wifi, ila haiwaki. Anabonyeza mwenyewe, anaona, tunasikitika wote. Jioni nakitoa.”

“Na jana?”

“Jana baba watoto akaianika bila mimi kujua, nikiwa mtoni. Imekaa juani na kitu chake ndani. Jioni nilipovuta kikaja, nikadhani kimekuja chote.”

“Na leo ulivyomwona anahangaika?”

“Nilifungua tena kwa siri. Sikuona kitu. Kinaonekana kile?”

Kweli hakikuonekana. Hilo nilimkubalia. Mengine sikumkubalia. Mume alikuwa anakaribia kufukuzwa kazi, na yeye alikuwa tayari kuwasingizia watu wa nchi ya mbali kuliko kusema neno moja kwa wifi yake.

Jua lilipoanza kushuka nilimsindikiza mzee kazini. Nilitaka kuona mwanga ukifanya kazi. Kabla ya kutoka nilimwuliza kama mwaloni kuna mahali pa kulala. Kwa mara ya kwanza siku ile mume na mke walitazamana.

“Gesti hakuna,” mzee alisema. “Lakini wewe ni mtu wetu. Chumba cha uani kipo.”

“Na kitanda kipo,” mkewe alisema.

“Kitanda kipo. Ila ndiyo hivyo tena, mguu umevunjika.”

“Umevunjika kabisa,” mkewe aliunga mkono. “Fundi tunamsubiri tangu kiangazi.”

Walisikitika wote wawili, vizuri sana, kwa pamoja. Nikasema nitalala chini, nimezoea.

Njiani nilimwuliza kuhusu ile betri aliyoigeuza dukani. Alisimama. Akatazama nyuma, ingawa nyumba ilikuwa mbali.

“Uliona?”

“Niliona.”

“Shemeji yangu,” alisema. “Kaka yake mke wangu. Hana kazi, anakwenda kutega kambare mtoni na tochi yangu mimi. Nikirudi asubuhi, kabla sijalala, nageuza betri moja kichwa chini. Anakuja, anaambiwa chukua, anabonyeza, haiwaki, anakwenda zake. Jioni naigeuza.” Kisha akaongeza kwa ukali, “Usimwambie mama watoto. Ni kaka yake. Ataona nina roho mbaya.”

Nilitembea nikifikiria tochi ile ilivyokuwa ikishinda mchana kutwa: imezibwa mbele na mke kwa ajili ya wifi, imegeuzwa nyuma na mume kwa ajili ya shemeji, kila mmoja akiamini ni hila yake inayoilinda, wote wawili wakiwasubiri watu wabonyeze ili wasikitike nao. Nimezunguka sehemu nyingi za ziwa hili tangu siku hiyo na nimekuta kufuli, mbwa, vigae vya chupa juu ya kuta. Hivyo vyote ni vya uungwana zaidi. Vinakwambia hapana usoni.

Getini tulisubiri. Wale wa dukani walikuwa wamejisogeza, wamekaa kwenye mtumbwi uliopinduliwa, wanajifanya wanatazama ziwa. Mmoja alikuwa amevaa shati safi. Anga lilikuwa bado na wekundu kidogo upande wa Sengerema pale honi ilipolia kwenye kona. Mzee aliinua tochi kwa mikono miwili. Akaweka kidole kwenye swichi, nami nikagundua nimelishikilia begi langu kifuani kama mjinga. Akasukuma.

Mwanga ulikwenda moja kwa moja, mweupe, ukagonga mawe. Kule juu taa za pikapu zilibaki pale kidogo, kana kwamba zinapima. Kisha zikageuka, zikapanda kilima, zikapotea. Mwenye shati safi akainuka, akajipangusa mchanga.

“Kumbe iliwaka, mzee,” alisema. “Tumefurahi.”

“Wabeja, asante,” mzee alimjibu. “Si mlinifundisha kuipiga?”

Yule akaondoka. Akapiga hatua chache, akageuka. “Sasa mzee, kwa kuwa ni nzima, kesho mchana utaniazima? Kuna shughuli kidogo.”

“Njoo tu,” mzee alisema bila kusita. “Njoo uchukue.”

Niliwaacha. Kwenye nyumba mama aliniwekea ugali na dagaa mlangoni mwa kile chumba cha uani, akanipa koroboi, akanitakia usingizi mwema, akaomba radhi tena kwa ajili ya kitanda. Niliingia na kufunga mlango. Chumba kilikuwa na nyavu kuukuu, gunia la udaga, yaani muhogo mkavu, na kitanda cha kamba kilichopiga magoti kwenye pembe moja.

Nilikula kwanza. Kisha nikashusha koroboi nikatazama ile pembe. Mti ukivunjika huacha nyuzi na meno. Pale palikuwa na tundu la mraba, safi, kingo zake zimelainika na kung'aa kwa kuchomolewa na kuchomekwa mara nyingi. Hapakuwa na kibanzi hata kimoja sakafuni. Nikapekua nyuma ya mlango, nikapekua chini ya nyavu. Mguu ulikuwa nyuma ya gunia la udaga, umesimamishwa wima kwa uangalifu, mzima kama siku ulipochongwa.

Niliuchomeka. Ulikaza kidogo, nikaugonga kwa kisigino cha mkono.

“Mgeni!” sauti ya mama ilitoka nyumba kubwa. “Unagonga nini?”

“Natengeneza kitanda, mama.”

Nilisikia mfuniko wa sufuria ukiwekwa chini.

“Eh,” alisema hatimaye. “Kumbe kilikuwa kinatengenezeka.”

“Kinatengenezeka,” nilimjibu, nikazima koroboi, nikapanda.